Bustani za wanyama za ng'ambo na gorila wa Kahuzi-Biega: msaada unafika namna gani, na unaishia wapi?

Kila mara tunapozungumza juu ya utunzaji wa uumbaji katika makanisa yetu ya Bukavu, Kabare na Kalehe, swali moja linarudi. Mtu anasimama na kuuliza: "Huko Ulaya na Marekani wanafungia magorila katika bustani, watu wanalipa kuwaangalia. Je, pesa hizo zinasaidia nini msitu wetu? Na kwa nini mnyama apate msaada wakati mtoto wa jirani yake hana daftari la shule?"

Swali hilo ni la haki. Halitoki katika chuki ya wanyama. Linatoka kwa watu wanaoishi kando ya msitu na kulima kwenye mpaka wake. Tumeona vema tulijibu kwa utaratibu. Tutaeleza bustani za wanyama ni nini leo, zinasaidia kwa njia gani hapa mashariki ya Kongo, msaada huo unakwama wapi, na sisi wenyewe tunabaki na kazi gani.

Zamani: bustani iliyochukua bila kurudisha

Tusifiche historia. Kwa miaka mingi bustani za wanyama zilikuwa mahali pa kuonyesha vitu vya ajabu kutoka nchi za mbali. Mtoto wa gorila hakamatwi kwa amani: mama yake anampigania, na dume mkubwa anapigania wote. Ili kumpata mtoto mmoja, wakubwa kadhaa waliuawa.

Mfano unaojulikana sana ulitokea kwa jirani zetu wa Rwanda. Mwaka 1969 watoto wawili wa gorila wa milimani walikamatwa kwa ajili ya bustani ya Cologne, Ujerumani. Waliitwa Coco na Pucker. Mtafiti Dian Fossey aliwauguza kwa majuma kadhaa kabla hawajasafirishwa. Wote wawili walikufa huko Cologne mwaka 1978, kabla ya kufikia utu uzima wa kweli.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1973, mataifa yalipotia sahihi mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya mwituni. Chini ya mkataba huo, kununua na kuuza gorila wa mwituni kimataifa kwa ajili ya biashara ni marufuku. Bustani zenye sifa nzuri sasa zinatunza wanyama waliozaliwa humo humo, na zinaandika vitabu vya ukoo ili ndugu wa karibu wasizaliane. Katika miaka hiyo hiyo nyingi zilianza kujiuliza: tunaonyesha watu mnyama huyu, lakini tunafanya nini ili asitoweke nyumbani kwake?

Gorila wetu hayumo katika bustani zao

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Karibu magorila wote walio katika bustani za Ulaya na Marekani ni wa aina ya nyanda za magharibi, wanaotoka upande wa Kamerun, Gabon na Kongo-Brazzaville. Gorila wa Kahuzi-Biega ni aina nyingine. Anaitwa gorila wa Grauer, na duniani kote anaishi mwituni katika nchi moja tu, Kongo yetu. Nje ya Afrika aina hii imetunzwa na wachache mno, hasa katika bustani ya Antwerp, Ubelgiji. Hakuna kundi la kutosha la kuzaliana huko.

Maana yake ni hii: kama gorila wa Grauer akiisha katika misitu ya Kivu, Maniema na mashariki ya Tshopo, hakuna ghala lolote huko ng'ambo la kumrudisha. Kwake yeye, msaada wa bustani hauwezi kuwa kumfuga. Unaweza tu kuwa kumsaidia aishi mahali alipo.

Na hali yake si nzuri. Hesabu iliyofanywa katikati ya miaka ya 1990, kabla ya vita, ilikadiria magorila hawa kuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 makadirio mapya yalisema wamebaki kama 3,800, na aina hii ikaandikwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mwaka 2021 watafiti walitoa makadirio mengine, karibu 6,800. Tusidanganyike na tofauti hiyo. Haina maana kwamba magorila waliongezeka maradufu katika miaka mitano. Ilitokana zaidi na kupata habari za sehemu za msitu ambazo hazikuwa zimefikiwa vizuri. Kwa vyovyote, zaidi ya nusu wamepotea katika umri wa kizazi kimoja.

Njia ya kwanza: tiketi inayofika Tshivanga

Kutoka Bukavu mpaka Tshivanga, kwenye kituo kikuu cha Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega (PNKB), ni kama kilomita 30. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver. Ilipanuliwa mwaka 1975 na kufikia karibu kilomita za mraba 6,000, ikaandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1980. Tangu mwaka 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Wachache wanajua kwamba bustani moja ya wanyama ya Marekani imekuwa na mkono katika habari ya msitu huu tangu zamani. Shirika la Wildlife Conservation Society (WCS) lilianza mwaka 1895 kwa jina la New York Zoological Society, na mwaka 1899 lilifungua bustani ya Bronx katika jiji la New York. Shirika hilo ndilo lililosaidia safari ya George Schaller na John Emlen mwaka 1959, walipotembea katika misitu ya mashariki ya Kongo kutafuta magorila wanaishi wapi. Pia lilishiriki katika hesabu ya miaka ya 1990 na ile ya 2016. Mwaka 2022 WCS ilitia sahihi mapatano na serikali yetu ya kusimamia PNKB pamoja na ICCN, taasisi ya taifa inayohifadhi mbuga.

Mwaka 1999 bustani ya Bronx ilifungua sehemu inayoitwa Congo Gorilla Forest. Wageni walioingia pale walilipa ada ya ziada, nao walichagua mradi gani katika misitu ya Afrika ya Kati upewe ada hiyo. Kwa njia hiyo ada ndogo ndogo za wageni zimekuwa mamilioni ya dola. Kwa jumla, bustani zilizo katika chama kikuu cha Marekani, AZA, zinatangaza kwamba zinatumia zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka kwa uhifadhi wa mwituni duniani kote.

Lakini kiasi hicho kinagawanywa kwa dunia nzima, kwa kobe, tembo, samaki na ndege wa kila bara. Kinachofika Kivu Kusini ni sehemu ndogo, na PNKB imetegemea pia serikali za nje, hasa Ujerumani. Anayefikiri kwamba bustani za wanyama peke yake zinaulisha msitu wetu amekosea, na anayesema hazitoi chochote amekosea vilevile.

Njia ya pili: ujuzi wa kumlea yatima

Kuna msaada ambao haupimwi kwa dola. Huko Kasugho, katika eneo la Lubero, Kivu Kaskazini, kuna kituo kinachoitwa GRACE. Kilianzishwa mwaka 2009 ili kupokea watoto wa gorila wa Grauer walionyang'anywa wawindaji na wachuuzi. Wanaokitunza kila siku ni Wakongo wa pale pale. Waliosaidia kukianzisha na kukishauri ni pamoja na wataalamu wa bustani za wanyama za Marekani, wakiwemo wa Disney, Houston na Dallas.

Kwa nini wataalamu wa bustani? Mtafiti wa msituni anamwona gorila kwa mbali. Mtunzaji wa bustani amekaa naye miaka mingi: anajua maziwa gani humfaa mtoto aliyepoteza mama, namna ya kumtambua mgonjwa anayejificha, na hasa namna ya kumwingiza mgeni katika kundi bila kupigwa. Mtoto wa gorila anayelelewa na watu tu hatajua kuwa gorila. Kule GRACE yatima anafikishwa haraka kwa magorila wengine, na wakubwa wa kike wanamlea.

Matunda yake yameonekana. Mwezi wa 10 mwaka 2021, magorila wanne wa kike kutoka GRACE walihamishiwa mlima Tshiaberimu, ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako kundi la mwituni lilikuwa limebaki dogo mno. Mmoja wao anaitwa Lulingu, jina ambalo ndugu zetu wa Shabunda wanalijua vizuri. Walikaa kwanza ndani ya uzio wakizoea baridi na chakula cha mlimani. Mwezi wa 10 mwaka 2024 walitoka na kujiunga na wenzao wa mwituni. Miaka ya malezi ilihitajika kurekebisha kile ambacho risasi ya mwindaji ilikiharibu kwa siku moja.

Njia ya tatu: dawa na matibabu

Kahuzi-Biega ina mitego mingi ya kamba na waya. Mara nyingi imetegwa kwa ajili ya swala na nguruwe wa mwitu, lakini gorila akipitisha mkono humo, kamba inakaza mpaka kidole au mkono wote unaoza. Madaktari wa mifugo wa shirika la Gorilla Doctors, kazi iliyoanza Rwanda mwaka 1986, wanaingia msituni kumchoma mnyama sindano ya usingizi kwa mbali, kukata kamba na kusafisha kidonda.

Kiasi gani cha dawa kinamlaza gorila bila kumuua? Ujuzi huo ulikusanywa kwa sehemu kubwa kutoka kwa magorila waliotibiwa katika bustani. Kwa miaka mingi kazi hii iliongozwa na daktari Mike Cranfield, ambaye alikuwa pia daktari wa bustani ya Maryland huko Baltimore. Ndiyo maana tunasema hata mnyama aliye mbali kule amemsaidia ndugu yake wa hapa, bila kujua.

Njia ya nne: elimu, simu na koltani

Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda duniani, maelfu ya watu waliingia kuchimba katika sehemu za chini za PNKB. Walihitaji kula, na msitu ukawa duka la nyama. Tembo wa sehemu ya juu karibu wote walikuwa wameisha katika miaka hiyo ya vita, na magorila waliuawa kwa mamia.

Bustani ya Melbourne, Australia, ilichukua jambo hilo na kulifundisha kwa wageni wake. Mwaka 2009 ilianza kuwaomba walete simu za zamani ili zitengenezwe upya au madini yake yatumiwe tena, na mapato yasaidie magorila. Simu moja iliyotumiwa tena haifungi shimo la Nzovu. Lakini mtoto wa Melbourne amejifunza kwamba kilicho mfukoni mwake kimeunganishwa na msitu wa watu wengine. Sisi wa Bukavu, tunaoona magunia ya madini yakipita, tungefaidika na somo hilo hilo.

Jirani zaidi: Lwiro

Si lazima kwenda mpaka Kasugho. Hapa kwetu, upande wa Kavumu na Katana, katika uwanja wa kituo cha utafiti cha Lwiro, kuna makazi ya sokwe na nyani yaliyoanzishwa mwaka 2002 kwa mapatano ya kituo hicho na ICCN. Yanatunza sokwe zaidi ya mia moja na nyani wengi wa aina mbalimbali, waliotekwa kutoka sokoni, njiani na nyumbani kwa watu. Wengi walifika na risasi mwilini au kamba kiunoni.

Lwiro ni mwanachama wa PASA, muungano wa vituo vya Afrika vinavyotunza sokwe, gorila na nyani yatima, ulioanzishwa Uganda mwaka 2000. Bustani za wanyama za ng'ambo ni miongoni mwa wanaouchangia. Msaada kama huo unasaidia dawa, uzio, mafunzo, na chakula. Tukumbuke pia kwamba kituo cha namna hii kinawapa kazi vijana na akina mama wa vijiji vya karibu. Mwezi wa 2 mwaka 2025 vita vilipofika Kavumu na Bukavu, watu walikimbia, lakini mnyama aliye ndani ya uzio hawezi kukimbia. Lazima abaki mtu wa kumlisha.

Mipaka ya msaada huu

Tumesema mema. Sasa tuseme yanayouma.

Kwanza, fedha hazizuii bunduki. Kule Epulu, Ituri, bustani za wanyama zenye okapi zimechangia tangu mwaka 1987 mradi wa kumlinda mnyama huyo ambaye, kama gorila wetu, ni wa Kongo peke yake. Tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 2012 kundi la Mai-Mai lilishambulia kituo hicho. Watu sita waliuawa, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale miaka mingi wakafa. Kazi iliendelea, na marafiki wa ng'ambo walichanga tena. Lakini wajane hawakurudishiwa waume zao.

Pili, hifadhi hii imejengwa juu ya machozi ya watu. Katika miaka ya 1970 familia za Batwa ziliondolewa katika msitu wa mababu zao bila ridhaa na bila fidia ya haki. Tangu mwaka 2018 baadhi yao walirudi ndani, na migongano na walinzi imegharimu maisha ya pande zote mbili. Mwaka 2022 shirika la Minority Rights Group lilitoa ripoti iliyowashtaki walinzi kwa ukatili dhidi ya Batwa, na kuwauliza wafadhili wa nje wajibu wao. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba nchi yetu ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Mgeni wa bustani anayetoa ada yake kwa moyo safi hajui habari hizi. Anapaswa kuzijua. Na sisi tunazozijua tusinyamaze kwa sababu tu mfadhili ni mkarimu.

Tatu, msaada mara nyingi unamfuata mnyama anayependeza. Gorila ana uso unaofanana na wetu. Mkulima wa Miti au Mudaka ambaye mazao yake yanaliwa na nyani hana picha ukutani New York. Mradi unaomsahau huyo mkulima unajenga nyumba juu ya mchanga.

Kwa hiyo tunajibuje lile swali?

Turudi kwa ndugu aliyesimama kanisani. Je, bustani za wanyama zinasaidia? Ndiyo, kwa fedha kiasi, na kwa ujuzi mwingi, na kazi hiyo inaonekana Tshiaberimu na kwingineko. Je, zinamnyima mtoto daftari? Hapana, mgeni wa Bronx asingetuma ada ile shuleni Kabare kama gorila asingekuwepo. Lakini ni haki yetu kudai kwamba fedha inayoingia kwa jina la gorila ifike pia kwa jirani wa gorila: shule, zahanati, kazi, na kwa Batwa ardhi na heshima.

Mtu wa kwanza aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, yote mawili kwa pamoja. Wajibu huo hatuwezi kuuacha kwa watu wa ng'ambo. Kuna mambo ambayo bustani ya Bronx haiwezi kutufanyia, nayo yako mikononi mwa makanisa yetu.

Makala. Bukavu inapika kwa makala, na sehemu ya makala hayo inatoka ndani ya PNKB. Kila jamaa iulize gunia linatoka wapi. Idara za akina mama zinaweza kufundisha matumizi ya majiko yanayotumia makala machache, na kila parokia yenye shamba inaweza kupanda miti ya kuni.

Nyama ya msituni. Tusiinunue, wala tusiipike katika sherehe za kanisa, hata kama mchuuzi anasema imetoka mbali.

Mtoto wa sokwe au gorila. Tukimwona anauzwa, tusimnunue hata kwa huruma. Anayemnunua kwa huruma anamlipa mwindaji arudi kumuua mama mwingine. Tuwapashe habari ICCN au kituo cha Lwiro. Tusimshike wala kumkaribia tukiwa na mafua, kwa maana magonjwa yetu yanamuua, na yake yanaweza kutupata.

Batwa. Kanisa linalohubiri karibu na kambi yao liwape kiti cha kukaa, watoto wao nafasi shuleni, na wazee wao nafasi ya kusema katika kila mkutano unaohusu msitu.

Wageni wa ng'ambo wanampenda gorila kupitia kioo. Sisi tunaishi upande wa pili wa mlima anapolala. Siku fedha zao zitakapokatika, na vita vimetuonyesha kwamba zinaweza kukatika kwa juma moja, watakaobaki karibu naye ni sisi, na gunia letu la makala.